Rafu Uliyoisafisha

Chumba cha mbele,
Nyumba ya baba,
Jumanne, tarehe 24.

Mpendwa mdogo wangu,

Shikamoo uliyoandika mwanzo wa barua yako nimeipokea. Marahaba. Hayo yaliyofuata baada ya shikamoo sijayapokea, na ndiyo maana nimefunga mlango wa karakana saa nne asubuhi, siku ya kazi, nikaketi kukuandikia. Lakini kwanza tujuliane hali. Hatukulelewa kuingia nyumba ya mtu bila hodi.

Hujambo wewe? Wifi hajambo? Wanangu wanaendeleaje na shule, na hiyo baridi yenu? Kikohozi cha yule mdogo kimekwisha? Sisi huku tu wazima. Shangazi magoti bado yanamtesa, ila ulimi wake hauna tatizo lolote. Jana amemtimua muuza maji kwa maneno matupu, na maji akayaacha. Mimi sijambo. Mkono wa kulia unakufa ganzi kidogo asubuhi, lakini ukishika nyundo unaamka wenyewe. Paa la jikoni lilikuwa linavuja mahali patatu. Nimepanda juu, nimeziba pawili.

Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Mara ya mwisho tulizungumza dakika kumi na nne. Wewe ulisema kumi na mbili. Karatasi haikatizwi. Barua hii anaileta jirani yetu muuguzi, anapanda ndege kesho, na nimemwomba akukabidhi mkononi. Kaa kitako usome mpaka mwisho.

Barua yako na ile fomu vilifika Ijumaa. Unasema kutengeneza viatu ni kazi iliyokwisha kufa, imebaki kuzikwa tu. Unasema watu wa sasa kiatu kikifumuka wanatupa na kununua kingine. Unasema hiki chumba cha mbele tumpangishe Bei Poa, yule muuza viatu wa pale kona, aweke duka la viatu vipya, aingie tarehe mosi, nami nipumzike kwa sababu umri umekwenda. Nina miaka arobaini na sita, bwana mdogo. Fomu umeshaitia saini, na mahali pangu umenichorea msalaba wa wino mwekundu, kana kwamba mimi mstari wa saini siuoni. Halafu ukamalizia: najua umekubali, Dada, maana nilipoondoka hukusema neno.

Nyumba hii baba alituachia sote wawili, na bila saini mbili hakuna mpangaji. Hilo unalijua. Usingelijua, ungenitumia mizigo ya Bei Poa moja kwa moja. Nikisaini, siku saba kuanzia leo meza ya baba inatoka nje. Kwa hiyo usidhani naandika kupiga soga.

Tuanze na huko kunyamaza kwangu.

Ile Alhamisi ya likizo yako nilimpeleka Shangazi kliniki. Tuliondoka saa mbili asubuhi, tukarudi saa tisa. Nikakuta umefagia, umepangusa, umeiosha rafu kwa sabuni, na rafu nyeupe, tupu, kama meno ya mtoto. Na wewe umesimama hapo katikati, mikono kiunoni, unatabasamu. "Dada, nimekupunguzia mzigo." Jozi arobaini na moja! Umezitia kwenye magunia mawili, ukampa Bei Poa avichukue, eti viatu vilivyotelekezwa.

Wewe ndiye uliyekalishwa kwenye kile kigoda kabla yangu. Baba alitaka wewe ndiye uwe fundi. Kwa hiyo usiniambie hujui sheria ya rafu. Kiatu kilichotengenezwa, mwenyewe hajaja, hakiuzwi, hakigawiwi, hakivaliwi. Kinaandikwa namba chini kwa chaki, kinapanda rafuni, kinangoja. Baba alimngoja mtu mmoja miaka minne. Yule mtu alitoka jela, akapita hapa kwa kubahatisha tu, akakuta viatu vyake vimepakwa rangi wiki hiyo hiyo. Alikaa pale kizingitini akalia kama mtoto. Ulikuwepo. Ulikuwa na miaka tisa, ukaniuliza kwa nini mtu mzima analilia viatu.

Sasa umekuwa msomi, umeipiga rafu picha, umeitazama, ukaona viatu ambavyo wenyewe hawavitaki. Mimi ninayeisoma rafu ile kila siku nakwambia hivi: kati ya jozi arobaini na moja, thelathini na tatu zilikuwa hazijamaliza hata wiki mbili. Mtu anangoja mshahara. Mtu kasafiri. Mtu ana mgonjwa. Rafu iliyojaa ndiyo dalili ya karakana iliyo hai, wewe ukaiona maiti.

Nilikimbia. Mimi, na mwili huu, nilikimbia mpaka kona, na watu wakasimama kutazama. Bei Poa nilimkuta amekalia gunia langu, anatafuna karanga.

"Mama Soli! Leo umekuja kununua?"

"Viatu vyangu viko wapi?"

"Vyako? Mimi kanipa mwanamume wa nyumba. Nikajua mmeamua kufunga."

Mwanamume wa nyumba. Siku ya sita tangu ushuke kwenye ndege, tayari ulikuwa mwanamume wa nyumba, na mimi mwenye miaka ishirini na mbili kwenye kigoda nikawa nani, mpangaji? Nilipiga magoti pale pale chini nikaanza kuhesabu. Jozi kumi na mbili alikuwa ameshauza. Ishirini na tisa zilikuwepo. Zilikuwepo, lakini si zote zilikuwa nzima.

Maana mkononi alikuwa na kisu na jozi moja nyeusi ya kike, ya kufunga kamba, na alikuwa anaifurahia kazi yake. "Hapa fundi wako aliteleza," akaniambia. "Kimoja kilikuwa kirefu, kina soli kama tofali. Nani atanunua? Nimekurekebishia. Tazama, sasa viko sawasawa."

"Fundi wangu ni mimi."

"Basi uliteleza wewe." Akacheka, akanipa vyote viwili.

Vilikuwa sawasawa kweli. Alikuwa ameikata soli ya kiatu cha kushoto, tabaka tisa, kila tabaka milimita tano, nilizozibandika na kuzishona moja moja kwa siku nne. Milimita arobaini na tano kisigino, thelathini katikati, ishirini mbele kwenye vidole, na zinashuka polepole ili mguu ubingirike usigote. Zile tabaka alikuwa amezitupa pembeni kwenye maganda ya karanga. Nikaziokota, na jozi zilizobaki nikazirudisha karakana.

Nikuulize, mdogo wangu, na ujibu mbele ya Mungu. Ulipokuwa unavitia vile viatu kwenye gunia, kimoja kizito kimoja chepesi, hukuvijua? Miaka miwili mizima ulivitazama vya namna hiyo vikitembea mbele ya ubao, miguuni mwa Mwalimu. Tap, dum. Tap, dum. Mkimsikia anakuja kutoka mwisho wa ukumbi mnakimbilia madawati. Wewe ulikuwa bingwa wa kumwigiza hapa uani, mpaka baba akakupa kibao kimoja cha haki. Na ni Mwalimu huyo huyo wa hesabu aliyekuweka nyumbani kwake kila Jumamosi, bila kuomba hata shukrani, mpaka ukafaulu ule mtihani ambao leo umekupa kiti, meza, na ujasiri wa kuniambia kazi yangu imekufa.

Mguu wake mmoja ni mfupi tangu utotoni. Baba alimshonea jozi ya kwanza, mimi nimemshonea tano zilizofuata. Hakuna duka linaloviuza. Bei Poa hana, na kiwanda kinachomletea Bei Poa hakina, kwa sababu mashine inatoa kushoto na kulia kwa maelfu, vilivyolingana, na Mwalimu halingani.

Nilirudi nyumbani siku ile na kisu cha kukatia ngozi mfukoni, sikufichi. Wewe ulikuwa umetoka kwenda kuaga rafiki zako. Shangazi aliniona uso, akanishika mkono, akaniambia zimebaki siku tatu, usiagane na ndugu yako kwa ugomvi, nani ajue mtaonana lini. Kwa heshima ya Shangazi nikafunga mdomo. Nilikupikia, nikakufulia, nikakukunjia mashati, Jumapili nikakusindikiza mpaka kwenye gari. Kumbe mwenzangu unahesabu: amenyamaza, amekubali. Huko ulikosoma hawakufundishi kwamba mtu anaweza kunyamaza kwa sababu akifungua mdomo atauma?

Jumatatu asubuhi Mwalimu akaja kuchukua viatu vyake. Alikuwa amevaa jozi ya zamani, soli yake imepasuka, anajishikilia ukutani. Nikamwonyesha. Hakupiga kelele. Alikishika kiatu cha kushoto, akakigeuza, akapitisha kidole pale kilipokatwa, akauliza nani kafanya hivi. Nikamwambia ni kosa la karakana yangu, nilivitoa rafuni bila kutazama namba.

"Wewe?" akasema. "Wewe unayehesabu mpaka misumari?"

Nikarudia kwamba ni mimi. Miaka ishirini na mbili sijawahi kupoteza kiatu cha mtu, na siku ya kwanza kukubali nimepoteza, nimekubali kwa ajili yako. Nililinda jina lako mbele ya mwalimu wako. Sijui kama ulistahili. Nakuambia tu ujue liko wapi.

Kesho yake ile jozi ya zamani ikakatika kabisa akiwa njiani. Amekaa nyumbani siku sita za shule, mgongo umekaza, na wanafunzi wake wana mtihani mwezi ujao. Mimi tabaka za zamani sikuweza kuzirudisha, kisu kilikuwa kimezichana. Ilibidi nianze upya: raba nyepesi nikaifuata mwendo wa saa mbili, gundi ikae usiku mzima kati ya tabaka na tabaka, halafu sindano. Nimemkabidhi Jumatano tarehe kumi na nane. Alisimama, nikaweka pima maji ya fundi uashi juu ya mkanda wake kiunoni, kama alivyokuwa akifanya baba. Kipovu kikatulia katikati. Akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Tap, dum. Nilikwenda uani kunawa uso.

Wale kumi na wawili ambao viatu vyao vimeuzwa, nimekwenda kwao mmoja mmoja, mlango kwa mlango, kuomba radhi. Saba wamenisamehe. Wanne nawashonea ndara. Mmoja, yule dereva wa lori, amenitukana matusi ambayo sikuwahi kuyasikia, na nikamsikiliza mpaka akamaliza, kwa kuwa alikuwa na haki.

Sasa tuje kwenye kazi iliyokufa. Mimi si mjinga, na sitakudanganya. Baba alikuwa anatengeneza jozi thelathini kwa wiki. Mimi kwa wiki napata kumi na tisa, wiki mbaya kumi na mbili. Kwenye mtaa huu walikuwepo mafundi wanne, nimebaki mimi. Viatu vinavyokuja siku hizi ndani ni karatasi ngumu. Ukipiga msumari unaingia kama kwenye mkate na unatoka kama ulivyoingia. Tangu Bei Poa afungue pale kona, miezi miwili tu, wateja wake wameniletea jozi kumi na saba zilizobanduka soli. Nimewauliza wote walinunua lini. Wastani wake ni siku ishirini na sita. Huyo ndiye uliyemchagua aje akae kwenye kiti cha baba.

Lakini kwenye hesabu yako umesahau kitu. Viatu vya bei nafuu havinyooshi miguu ya watu. Mwaka juzi nilikuwa na wateja watatu wa soli ya kunyanyuliwa. Leo ninao kumi na mmoja. Wanne waligongwa na pikipiki, mfupa ukaunga vibaya. Wawili ni watoto. Kuna wazee wenye kisukari ambao kidonda kimoja cha kidole kinaweza kuwaondolea mguu, nawashonea viatu vipana, laini ndani, visivyo na mshono wa kugusa. Yule mtaalamu wa mazoezi wa hospitali ananiletea watu wenye karatasi za vipimo, na mwezi uliopita alikuja mwenyewe akakaa saa nzima kutazama ninavyopunguza tabaka kuelekea vidoleni. Kazi ya baba inabadilika mkononi mwangu, inakuwa kitu ambacho hata baba hakukiona. Na mtoto wake wa kiume anataka kuifungia mlango ikiwa imeanza kusimama.

Mimi hakuna aliyenikalisha kwenye kigoda. Wewe ulijichoma sindano siku ya tatu, ukalia, ukapewa daftari. Mimi nilikuwa naokota viatu vilivyotupwa, nafumua mshono mmoja mmoja nione unakwenda wapi, halafu naushona tena. Nimeifumua na kuishona jozi moja mara kumi na tisa. Baba aliponiona aliniambia huo si mchezo wa msichana. Macho yake yalipoanza kuzimika ndipo akaniuliza uzi unaingia wapi.

Na jambo jingine. Siku ya tatu ya likizo yako ulivua viatu vyako vya safari mlangoni, vile vya ngozi unavyojivunia. Cha kulia kilikuwa kimeachama mbele kama mamba. Ulipoamka kilikuwa kimefungwa, na wewe hukuona kitu, ulikivaa ukaenda zako. Kivue sasa hivi. Kigeuze. Utakuta mishono sitini na minne, uzi umepakwa nta, umefichwa kwenye mfereji. Umepanda ndege juu ya mishono hiyo. Umekwenda ofisini nayo. Umekaa ukaandika kwamba kazi yangu imekufa, na mguu wako umo ndani yake.

Ile mashine ya umeme ya kung'arishia viatu uliyoniletea inang'arisha, sikatai. Shangazi anasema inakuna mgongo vizuri zaidi.

Sasa sikiliza ya Jumamosi. Mwalimu alikuja tena, safari hii anataka jozi ya pili, asije akakwama tena. Ili nimshonee napaswa kuchora nyayo upya, na karatasi ngumu nilikuwa nimeishiwa. Fomu yako ilikuwa juu ya meza. Akaichukua kabla sijawahi kuisogeza. Alivaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari, kama anasahihisha daftari.

"Mwandiko huu naujua," akasema. "Saba zake bado zinafanana na moja." Akaendelea kusoma. Halafu akanitazama juu ya miwani. "Anakutoa humu?"

Nikamwambia hajanitoa, anasubiri nitie saini.

Nikaona amekitazama kiatu chake cha kushoto, kisha rafu, kisha mimi, na najua ile hesabu aliimaliza palepale kichwani, maana hakuniuliza tena swali. Akaigeuza fomu upande mweupe, akailaza sakafuni, akavua kiatu, akaikanyaga katikati.

"Chora," akaniambia.

Nimechora. Vipimo nimeshavinakili kwenye kitabu changu, kwa hiyo karatasi siihitaji tena. Utaikuta ndani ya bahasha hii. Upande mmoja ni saini yako. Upande wa pili ni unyayo wa Mwalimu, na ukiinyanyua kwenye mwanga utaona kisigino chake kimekaa juu kabisa ya ule msalaba mwekundu ulionichorea. Hapo hapana nafasi ya saini yangu. Pameshakaliwa.

Mwandikie Bei Poa leo, wewe mwenyewe, umwambie chumba kina mtu. Usinitume mimi. Halafu umwandikie Mwalimu kwa mkono wako, wino, si simu, umwambie ni nani aliyetia viatu vyake kwenye gunia. Mimi sitamwambia, na yeye hataniuliza. Anangoja usikie aibu mwenyewe, kama alivyokuwa akingoja umalize hesabu.

Msalimie sana wifi, mwambie ile kanga aliyonipa nimeivaa kanisani na imeonekana. Wabusu wanangu, yule mkubwa anichoree nyayo zake zote mbili kwenye karatasi, asimame wima asidanganye, nimshonee viatu vya shule visivyomaliza siku ishirini na sita. Shangazi anakusalimu, anasema amesikitika, ila uji wako ukija upo. Mwalimu anakusalimu pia. Ametaja majina yako yote, matatu, kama siku za kuita mahudhurio.

Mungu akulinde huko uliko, akulinde hasa kwenye barabara zenye barafu, akupe moyo wa kurudi ukiwa umesikia. Kiatu chako kikifumuka tena usikitupe. Kilete. Rafu nimeipaka rangi upya, na tayari ina jozi ishirini na tatu.

Dada yako, ambaye amekasirika kwa sababu anakupenda, na bado amekasirika,

Mama Soli